Maji Niliyoyaharibu Themi

Anaeli,

Sikuulizi hali yako, kwa sababu naisikia. Uko nyuma ya ukuta huu wa mbao unagongomea misumari kwenye sanduku lako, na kila nikianza sentensi unanipigia msumari mwingine. Na mimi ni mzima, kwa kadiri mtu anavyoweza kuwa mzima nyumbani kwake huku mwanawe hajamwamkia kwa siku tatu. Tangu Alhamisi mama yako ndiye posta kati yetu. Amekuja sasa hivi kusema kwamba unauliza kama lile koti zito ni lako au ni langu. Nimemwambia ni langu, na kwamba Tanga hakuna baridi. Amerudi kwako. Sijui amelifikisha jibu langu kwa maneno gani, maana nimekusikia ukicheka, na mimi sikusema jambo la kuchekesha.

Mambo ya chakula, ya kanisa, ya chandarua na ya wasichana wa pwani ameshakuambia yeye, na atakuambia tena kesho stesheni. Sitayagusa. Mimi nina hasira na wewe, na nimeona niandike nikiwa nazo. Zikiisha nitakuwa mwoga kama kawaida yangu, na barua hii haitaandikwa.

Alhamisi mezani hukuniomba ruhusa, ulinipa taarifa. Ulisema umepata kazi Tanga, kwenye ile nyumba ya samaki inayojengwa karibu na bandari, kazi ya kutunza maji ya matangi ya kioo. Nikakuuliza mkubwa wako ni nani. Ukasema ni Mdigo mmoja anaitwa Salehe, kwamba gadi wa treni ndiye aliyekupa habari zake, kwamba mmeshaandikiana barua mbili, na kwamba kuanzia Tanga hadi Arusha hakuna mtu anayeyajua maji ya chumvi kama yeye. Nikasema huendi. Ukauliza kwa nini. Nikasema kwa sababu nimesema. Hapo ndipo ulipoweka kijiko chini ukaniambia maneno haya, nayaandika kama yalivyotoka:

"Baba, wewe hujawahi kumwambia mtu hapana, isipokuwa mimi na mama."

Kisha ukaendelea kula. Mimi ndiye niliyeondoka mezani, kwenye nyumba niliyoijenga mwenyewe, nikaenda kusimama shambani katikati ya mikahawa mpaka mama yako akaja kuniambia ndizi zimepoa. Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta kichwani mtu mmoja, mmoja tu, niliyepata kumwambia hapana usoni mwake. Nimempata. Ni huyo huyo Salehe wako, na siku niliyomwambia hapana, yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Sasa nisikilize. Hukuniuliza kama namfahamu. Ungeniuliza ningekudanganya, kwa hiyo labda ulifanya vema.

Lile tangi la Bwana Samaki, yule Mzungu niliyemfanyia kazi, unalikumbuka, lakini unalikumbuka lilivyokuwa miaka ya mwisho, nilipokuwa peke yangu. Lilipoanza, kabla ya vita, nawe ukiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, tulikuwa wawili. Bwana alikuwa amejenga ile nyumba yake karibu na mto Themi, akaiziba baraza moja kwa vioo, na humo akaweka tangi refu kama kitanda juu ya nguzo za matofali. Alitaka bahari chini ya Mlima Meru. Wazungu wengine walikuja siku za Jumapili na wake zao kuitazama. Maji yalikuja kutoka Tanga kwa treni, kwenye mapipa ya mbao, maana chuma kinayatia sumu. Samaki walikuja hivyo hivyo. Salehe alikuja na mapipa ya kwanza, ili aonyeshe namna ya kuwatoa samaki bila kuwaua. Bwana akapendezwa naye akambakiza. Alipanga chumba Daraja Mbili pamoja na mkewe.

Mimi niliajiriwa kwa sababu nilikuwa nimesoma misheni na mwandiko wangu ulisomeka. Kazi yangu ilikuwa kupima maji asubuhi na alasiri na kuandika kwenye daftari. Kazi yake ilikuwa samaki wenyewe. Hapa kwetu Tengeru walisema nimeacha kahawa nikaolewa na samaki.

Salehe nilimchukia tangu siku ya kwanza. Sitaki ufikiri ilikuwa ni jambo dogo lililokua baadaye. Siku ya kwanza kabisa alinitazama meno, haya meno yetu ya kahawia tunayopewa na maji ya mlima huu, akaniuliza kama watu wa kwetu tunatafuna kutu. Alisema Kiswahili changu kinatoka kama mtu anayebeba mawe. Mimi nikamwita mvivu. Alikuwa akikaa saa nzima mbele ya kioo bila kufanya kitu, akitazama samaki wanavyopumua, na mimi niliandika kwenye daftari la Bwana, pembeni ya vipimo vyangu, kwamba Salehe amekaa. Ndiyo, niliandika. Hakuna aliyenituma.

Nikuambie kuhusu maji kidogo, kwa sababu bila hayo hutaelewa nilichofanya, na kwa sababu mengine niliyokufundisha nilikufundisha nusu.

Bwana Samaki alijua kazi yake. Hilo siwezi kumnyima. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba maji ya tangi yakipungua kwa joto, kinachoondoka ni maji tu, chumvi inabaki. Kwa hiyo unarudishia maji ya mvua kutoka kwenye bati, si ya bahari, la sivyo kila wiki unaongeza chumvi juu ya chumvi. Ya Themi hayafai kabisa, yana magadi yake na hicho kitu kinachotuharibu meno. Na mara moja kila juma mbili unatoa sehemu ndogo ya maji ya zamani na kuingiza mapya kutoka kwenye pipa, polepole, kwa mpira mwembamba, yakiwa na uzito ule ule na joto lile lile. Samaki havumilii kuhamishwa nchi kwa dakika moja.

Uzito huo niliupima kwa kile kipimo cha kioo, chupa nyembamba yenye risasi tumboni na mistari shingoni. Unakijua. Ikizama zaidi, maji ni mepesi, hayana chumvi ya kutosha. Ikielea juu zaidi, chumvi imezidi. Nilikipenda kile kipimo, Anaeli. Kilinifanya niwe mtu ambaye neno lake lilikuwa namba. Salehe yeye alichovya kidole akaonja.

Masika moja mvua ilinyesha hata njia ya treni ikakatika huko chini, na mapipa hayakuja. Wiki ya tatu ikapita, ya nne ikapita. Maji ya tangi yalikuwa yamechoka, yana rangi ya chai nyepesi. Bwana alikuwa amekwenda Nairobi na alikwama huko kwa mvua hizo hizo. Aliniachia daftari lenye maelezo ya kutengeneza maji ya bahari bila bahari, endapo shida itatokea. Kwa kila debe la maji ya mvua kiasi hiki cha chumvi ya mawe, kiasi hiki cha haluli, ile ile wanayotunywesha zahanati kusafisha tumbo, halafu maji ya chokaa yaliyotuama, halafu magadi kidogo sana. Maana chumvi ya kupikia ni chumvi moja, na bahari ina nyingi, kila moja kwa kipimo chake. Chini kabisa alikuwa ameandika kwamba chokaa na magadi visiingie siku moja. Sababu hakuandika.

Na kulikuwa na baridi. Unajua ukungu wa mwezi wa tano unavyoshuka mlimani na kukaa. Tulikuwa tumeweka majiko mawili ya mkaa kwenye ile baraza usiku na mchana ili maji yasipoe, na joto hilo lilikuwa likiyala maji ya tangi. Kila siku yalishuka upana wa kidole. Mtu mwenye akili angejua chumvi inapanda. Lakini mimi nilizamisha kipimo changu, nacho kikazama zaidi ya kawaida. Kilisema maji ni mepesi.

Nikachanganya maji mapya kwenye pipa tupu. Nikaweka chumvi ya mawe kama daftari linavyosema, nikapima. Kipimo kikasema mepesi. Nikaongeza. Bado mepesi. Nikaongeza tena. Salehe alikuwa amesimama nyuma yangu amejifunga shuka kwa baridi. Alichovya kidole kwenye pipa langu, akaonja, akatema nje ya dirisha.

"Hii itawaua," akasema. "Onja mwenyewe."

Nikamwambia mimi sionji, nina kipimo.

"Kipimo chako kinasema uongo. Na tangi lenyewe chumvi imeshapanda, tia maji ya mvua tupu leo, basi, mengine uyaache mpaka kesho. Nakuomba."

Angalia hapo. Aliniomba. Mtu aliyenicheka meno na ulimi wangu kwa mwaka mzima na zaidi alisema nakuomba, na mimi nilichosikia ni kwamba hatimaye nimemweka chini. Nikamwambia hapana. Nilimwambia kwa sauti kubwa, hata mpishi akatoka jikoni kutazama. Nikamwambia akakae mbele ya kioo chake, hiyo ndiyo kazi anayoijua, maji ni yangu. Kisha, kwa kuwa alikuwa bado anatazama, nikafanya mambo yote kwa haraka ili aone kwamba sina shaka. Nikaweka haluli. Nikaweka maji ya chokaa. Na magadi nikayaweka papo hapo, siku ile ile, kwa sababu kungoja hadi kesho kungeonekana kama ninamtii. Pipa likageuka jeupe kama maziwa. Chokaa na magadi vilikuwa vimeshikana na kuganda, sasa najua, na kile ambacho wanyama wa bahari wanakihitaji kilikuwa kinashuka chini ya pipa kama unga. Nikasema kitatuama. Nikayamimina. Si kidogo kidogo kwa mpira. Kwa ndoo, karibu nusu ya tangi.

Salehe alitoka akaenda zake mvuani.

Asubuhi samaki kumi na mmoja walikuwa wamelala ubavu. Mmoja, yule wa manjano mwenye mstari mweusi jichoni ambaye mke wa Bwana alimpa jina, alikuwa bado anafungua na kufunga mdomo. Yale matumbawe yaliyokuwa na uhai yalikuwa yamejifunga na kufunikwa na unga mweupe. Salehe alikuwa amefika kabla yangu. Alikuwa ameshika yule samaki ndani ya bakuli la maji ya mvua aliyoyatia chumvi kidogo kwa kuonja, akimsukuma mbele na nyuma apumue. Hakunitazama. Yule samaki alikufa mchana.

Bwana alirudi siku mbili baadaye. Alitazama tangi muda mrefu, kisha akatuita ofisini kwake mmoja mmoja. Niliingia mimi kwanza, kwa sababu mimi ndiye mwenye daftari. Aliuliza nini kimetokea. Nilikuwa nimeshafikiri nitasema kipimo kilidanganya. Nilikuwa nimeliandaa neno hilo njiani kutoka Tengeru. Lakini nilipofungua mdomo nilisema Salehe aliongeza maji ya Themi kwenye pipa nikiwa sipo, kisha akatia magadi kuficha.

Nimeyaandika hayo nikasimama, nikaenda kunywa maji, nikarudi. Umeacha kupiga misumari. Nadhani sanduku limekwisha.

Salehe alipoingia sikusikia alichosema. Nilisikia tu sauti yake ikipanda, na sauti ya Bwana haikupanda. Alifukuzwa siku ile bila barua ya sifa, na bila barua hiyo unajua hakuna Mzungu atakayekupa kazi. Mkewe alikuwa mja mzito, karibu kujifungua. Njia ya treni ilipofunguliwa niliwakuta barabarani wakienda stesheni, yeye kajitwika godoro, mkewe kabeba kapu na birika, anatembea kwa kupumzika. Ningeweza kupita njia nyingine. Sijui kwa nini sikupita. Salehe alisimama. Nilidhani atanipiga, na nakuambia kweli, nilitaka anipige.

Akasema, "Siku moja, Mmeru, osha chupa yako."

Basi. Wakaenda.

Sikuelewa. Nilifikiri ni tusi la kwao. Nilirudi kazini, nikakitoa kipimo kwenye sanduku lake nikakitazama kwenye mwanga wa dirisha, na kwa mara ya kwanza nikaona. Shingo yote ya ile chupa ilikuwa na ukoko, chumvi na chokaa vilivyokauka juu yake siku baada ya siku, vigumu kama ule ukoko wa ndani ya birika. Sikuwahi kuiosha. Niliifuta kwa kitambaa tu na kuirudisha. Ukoko ulikuwa umeifanya nzito, na chupa nzito inazama hata kwenye maji yenye chumvi kali. Nikaomba siki jikoni, nikailoweka, nikaikwangua kwa ukucha mpaka kioo kikawa kitupu. Nikaizamisha kwenye maji yaliyobaki pipani. Ikaruka juu mistari minne. Salehe alikuwa ameiona siku zote. Kwa nini hakuniambia mapema? Nilijiuliza hivyo kwa hasira siku nyingi, nikimlaumu, mpaka nilipokumbuka ni mara ngapi alinisogelea akiwa na la kusema nami nikageuka.

Hapo ungefikiri nilikimbia kwa Bwana. Nilikaa wiki tano. Wiki ya sita nilikwenda, kwa sababu nilikuwa silali na mama yako alianza kuuliza. Nilisimama mbele ya meza yake nikamwambia yote, chupa, chumvi, magadi, na uongo. Nilikuwa tayari kufukuzwa, nilikuwa hata nimeaga mti wa mlimao pale nje, upumbavu wa namna hiyo.

Bwana hakuacha kuandika. Alisema, "Najua. Niliitazama ile chupa siku ile ile niliyorudi."

Nikamuuliza, kama alijua, kwa nini alimfukuza Salehe.

Akaweka kalamu chini akanitazama kama mtu anayeeleza jambo jepesi kwa mtoto. "Salehe ana mdomo," akasema. "Wewe una adabu. Maji utajifunza."

Na mimi, Anaeli, nilimwambia, "Ndiyo, Bwana." Nikatoka nikaenda kupima maji ya alasiri.

Nilifanya kazi kwake miaka saba zaidi, mpaka alipofunga nyumba akarudi kwao. Maji nilijifunza, kama alivyosema. Samaki wale wa baadaye uliowaona wewe waliishi vizuri mikononi mwangu, na wageni wa Jumapili walinisifu. Kila sifa ilinikumbusha kwamba sikubakizwa kwa sababu ninajua. Nilibakizwa kwa sababu ningeweza kusema uongo na kisha kusema ndiyo, mtu yule yule, mdomo ule ule. Ningeweza kumwambia neno moja siku ile pale mezani kwake. Nalitafuta mpaka leo neno lenyewe lingekuwa lipi.

Sasa ujue kwa nini nilikupiga. Ulikuwa na miaka kumi, ni likizo, nimekuchukua kazini. Ulipima maji vizuri kuliko mtu mzima, ukaisoma namba kwa sauti, ukaiweka chupa mezani bila kuiosha. Nilikuzaba kofi hata ukaanguka kwenye ndoo. Uliuliza kosa lako ni nini, nami nikakwambia ulie nje. Mama yako alinisema mwezi mzima. Uliacha kunishika mkono barabarani tangu siku hiyo, niliona. Lile kofi halikuwa lako. Lilikuwa la mtu mwingine ambaye hakuna aliyempiga. Sikuombi uniambie limekwisha. Nimekuambia lilikotoka tu.

Usifikiri baada ya kuyaandika haya nimelainika. Nina hasira bado. Nina hasira kwamba kati ya watu wote wa Tanganyika wanaoweza kukufundisha kazi, umekwenda kumchagua yeye. Nina hasira kwamba unakwenda kumwambia "shikamoo" mtu huyo kila asubuhi wakati mimi nimekaa siku tatu bila. Na Salehe bado simpendi. Nilimdhulumu na simpendi, mambo yote mawili yanakaa ndani yangu bila kugombana. Alikuwa na dharau, alikuwa na majivuno, na kama amezeeka sawasawa na watu wengine basi majivuno hayo yameongezeka. Atakucheka meno. Atasema Kiswahili chako ni cha mawe. Usimvumilie zaidi ya inavyostahili. Lakini akikwambia onja, onja.

Na mimi najua unachofikiri sasa, kwamba wewe si mimi, kwamba wewe unajua kusema hapana. Ni kweli. Uliniambia mimi hapana mezani ukaendelea kula. Nilichukia jambo hilo kwa siku mbili. Siku ya tatu nilimwambia mama yako kwamba afadhali. Nikamkataza asikuambie. Kama amekuambia, basi posta yetu inafungua barua za watu.

Lipo jambo moja lililobaki na hilo si ombi.

Salehe hajui wewe ni nani. Nilimuuliza mama yako jinsi ulivyotia sahihi kwenye barua zako, akasema uliandika Anaeli na jina la babu yako, kama ulivyoandikwa shuleni. Jina la babu yako Salehe hakuwahi kulisikia. Mimi alinijua kwa jina langu la ubatizo, tena mara nyingi hakulitumia hata hilo, aliniita Mmeru. Watu wa mlima huu wenye meno ya kahawia ni wengi. Unaweza kukaa naye mwaka mzima bila kujulikana. Unaweza kula kwake, na mtoto wake aliyekuwa tumboni siku ile barabarani, ambaye sasa ni mtu mzima kama wewe, akawa rafiki yako. Na siku moja gadi wa treni atasema jina langu kwa bahati, na Salehe atafikiri nimekutuma, au kwamba ulijua ukanyamaza. Mtu akikaa karibu na jambo kama hilo linamwingia kidogo kidogo, haonji tofauti.

Kwa hiyo utamwambia siku utakayofika. Si baada ya kuona tabia yake, si baada ya kupata nafasi nzuri. Kabla hujafungua sanduku. Mwambie jina langu lote. Mwambie chupa ilikuwa chafu na nilijua siku ile ile aliyoniambia, na kwamba Bwana alijua kabla yangu. Hilo la mwisho hajalisikia, na ni haki yake kulisikia, hata kama litamuuma kuliko mengine. Nilimwandikia mwenyewe mara tatu. Barua hizo zote ziliishia jikoni, na mama yako aliniona nikizichoma.

Usimwambie nimeomba msamaha. Sijui kuomba, na akisikia neno hilo kutoka kwako ataona nimekutuma wewe ubebe mzigo wangu, naye atakuwa amesema kweli. Akikuuliza kwa nini sikuja mwenyewe, mjibu kwamba baba yako anaogopa. Liseme hivyo hivyo, bila kulipamba.

Anaweza kukufukuza papo hapo. Ikiwa hivyo, rudi na treni ya kwanza, kahawa ipo, na hakuna atakayekucheka hapa nikiwa hai. Anaweza kukubakiza. Ikiwa hivyo, usiniandikie alisema nini.

Lakini ukisimama mbele yake ukaona ni rahisi zaidi kunyamaza, ukanyamaza, basi baki huko huko na usirudi. Mtu wa namna hiyo nyumba hii inaye mmoja, na anatosha.

Baba yako